MUN si mashindano ya kupayuka

Dhana: MUN ni mdahalo ule ule, ila wa suti.
Mdahalo una pande mbili na majaji wa kuamua nani kashinda. MUN, yaani mkutano wa wanafunzi wa kuigiza Umoja wa Mataifa, una nchi chungu nzima, kila moja na maslahi yake, na mwishoni linatakiwa azimio litakalopata kura. Hodari wa jukwaani huweza kurudi nyumbani na makofi tu. Kazi yenyewe huanza mwenyekiti akisimamisha kikao: watu wanazungukana pembeni, huyu kashika kompyuta, yule anabembeleza waunga mkono wa rasimu yake. Hapo mpole mwenye daftari humpiku mwenye sauti.

Dhana: lazima uamini unachosema.
Ukipewa Urusi, wewe ni Urusi. Hata "mimi" husemi. Unasema "ujumbe wa Urusi unaona". Machi 2, 2022, Baraza Kuu lilipopigia kura uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, Kenya iliunga mkono azimio la kuupinga, Tanzania na Uganda zikajizuia. Mwanafunzi wa Nairobi aliyepewa kiti cha Tanzania itambidi atetee kujizuia huko bila aibu. Ila angalizo: majina yakiitwa, ukijibu "nipo na nitapiga kura", umejifungia mlango wa kujizuia.

Dhana: wengi wakikubali, limepita.
Si kwenye Baraza la Usalama. Huko zinatakiwa kura 9 kati ya 15, na asiwepo hata mmoja wa wale wanachama watano wa kudumu anayepinga. Muulize Salim Ahmed Salim wa Zanzibar: mwaka 1981 aliwania Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambao jina lake hupitia Baraza hilo, Marekani ikamwekea veto, yaani kura ya turufu, China nayo ikamkatalia Kurt Waldheim aliyekuwa Katibu Mkuu wakati huo, na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Dhana: kanuni za MUN hazishikiki.
Aliyewahi kutazama Bunge na kusikia "Kuhusu utaratibu!" ana pa kuanzia. Kinachotesa ni uandishi wa azimio, maana lote ni sentensi moja, hata likifika kurasa tatu: mikato kwenye utangulizi, nuktamkato kwenye vifungu vya utekelezaji, na nukta moja mwisho kabisa. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na nukta kumi na moja. Mwenyekiti alinirudishia akiwa amezizungushia wino mwekundu zote, isipokuwa ile ya mwisho.