Nani Anafunga Kweli? Dhana Tunazozisikia Moshi

Ramadhani na Kwaresima zikigongana, kama ilivyokuwa Machi 2024 na Machi 2025, mabishano haya hayakosekani mjini.

Dhana: Kwaresima ni siku 40, Ramadhani 30, kwa hiyo Wakatoliki wanafunga zaidi.

Hesabu hizo hazipimi kitu kimoja. Kwa Wakatoliki, siku za lazima ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mwenye miaka 18 hadi 59 hula mlo kamili mmoja, na vingine viwili vidogo ambavyo hata vikijumlishwa havifikii ule mmoja. Maji hayazuiwi. Kuacha nyama ni sharti jingine, tofauti na hilo: huanza miaka 14 na uzee hauliondoi. Hapo ndipo wapishi wetu hukosea. Nyama ya kwenye mtori wa Ijumaa Kuu bado ni nyama, hata ikipondwa ikapotelea kwenye ndizi. Samaki na mayai ruksa.

Mwislamu hali wala hanywi tangu alfajiri hadi magharibi. Moshi iko karibu na ikweta, basi ni kama saa 13 na dakika kadhaa, Ramadhani iangukie Juni au Desemba.

Dhana: Mwislamu anayekula mchana wa Ramadhani ameasi.

Huenda ni mgonjwa au msafiri. Atalipa siku hizo baadaye. Mwenye hedhi haruhusiwi kabisa kufunga, naye atalipa. Mzee asiyeweza tena hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Aliyekula kwa kusahau anaendelea na saumu yake, haijaharibika. Kinachowaponza wengi ni nia. Kwa Shafi, madhehebu yaliyoenea huku, nia ya saumu ya faradhi hutiwa kila usiku. Aliyepitiwa na usingizi bila nia atajizuia kutwa nzima, na bado siku hiyo atailipa.

Dhana: Walutheri hawana Kwaresima.

Wanayo. Wasichokuwa nacho ni sheria ya mlo. Kila mtu hujipangia.

Dhana: Mhindu anayefunga haachi kitu, maana nyama hali siku zote.

Siku ya Ekadashi, mara mbili kwa kila mwezi mwandamo, wanaoishika huacha nafaka na jamii ya kunde. Matunda, maziwa na viazi huliwa. Mwenyeji akiwapakulia wali na dengu kwa nia njema, amewapa kile hasa walichokiacha.