Kijiti cha udi kwenye madirisha ya chuo

Ukifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam saa nane mchana, usikimbilie kutazama majengo. Tazama vimbweta. Kwa asiyevijua, hivyo ni meza na viti vya zege vilivyojengwa nje, chini ya miti, na hapo ndipo mwanafunzi wa chuo hiki, maarufu kama Mlimani, anapojisomea, anapobishana na wenzake juu ya kazi ya kikundi, na pengine anapopata mchumba. Mimi ni msanifu majengo. Nikiitwa kukagua chuo chochote, swali langu la kwanza ni hilohilo: jua likiwa kali, watu wanakaa wapi? Wakiwa wote nje na vyumba vimebaki na feni zinazozunguka bure, huwa najua nikaanzie wapi.

Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964. Waliochora kampasi mpya walikuwa kampuni ya Uingereza, Norman & Dawbarn, ambao tayari walikuwa wameshachora chuo cha Mona kule Jamaika. Huyo Dawbarn ndiye pia aliyesanifu kituo cha televisheni cha BBC, London. Walitoka mbali, lakini walikuwa wamekwisha kuonja joto la nchi za tropiki. Wasomaji wengi mnalijua jengo moja la pale hata kama hamjawahi kufika: Nkrumah Hall, iliyokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijaingia mwaka 2014. Leo siizungumzii hiyo. Jengo la kwenye noti lina watetezi wake. Ninaowasemea ni wale wasio na jina: majengo membamba, marefu, yenye korido za wazi, luva (madirisha ya vipande vya vioo vinavyofunguka pamoja) na tofali za matundu, yaliyojengwa miaka ya sitini na sabini katika vyuo vingi vya ukanda wetu.

Wembamba ule si ubahili. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Juni linaegemea kaskazini. Saa sita mchana linakuwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Desemba linaegemea kusini, kama nyuzi 16 au 17 tu. Chukua dirisha lenye kimo cha mita moja na nusu. Likiwa ukuta wa kaskazini, kinga ya zege inayochomoza sentimeta 87 juu yake inatosha kulifunika lote saa sita ya Juni. Ukuta wa kusini, Desemba, sentimeta 45 zinatosha. Hesabu hiyo ni ya kalamu na karatasi. Lakini jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini, linakutazama usoni, na hakuna kinga ya juu itakayolizuia. Ndiyo maana msanifu wa zamani alilaza jengo mashariki–magharibi, akaziba kuta za ncha, akaweka huko ngazi na vyoo.

Baada ya jua, upepo. Kusi linavuma miezi ya katikati ya mwaka kutoka kusini-mashariki, kaskazi linafika Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki. Jengo lililolala hivyo linaupata upepo wa mshazari misimu yote miwili, mradi tu uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Sisi mafundi tuna kanuni ya makadirio: chumba chenye matundu pande mbili kinaweza kuwa na kina cha hadi mara tano ya kimo cha dari. Chenye tundu upande mmoja kisizidi mara mbili na nusu. Dari ya mita 3, basi, inakupa mita 15 kwa pande mbili, na saba na nusu tu kwa upande mmoja. Kumbuka tarakimu hizo.

Nilialikwa na chuo kimoja, sitakitaja, kisa wanafunzi wa safu za nyuma wanasinzia na bili ya umeme imewashinda. Darasa lilikuwa na kina cha mita 9. Zamani lilikuwa na luva upande wa nje, na matundu ya juu upande wa korido ya wazi. Miaka ikapita, luva zikatolewa, yakaja madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Ofisi zikapungua, korido ikakatwa kwa plaiwudi ikawa ofisi mbili na stoo. Dari ikashushwa kwa jipsamu hadi mita 2.4, ipendeze. Halafu watu wakaona joto, wakafunga viyoyozi.

Sikuwa na kipimo cha kisasa siku hiyo, nikatoa kijiti cha udi mfukoni, nikakiwasha dirishani. Mlinzi wa jengo, mzee wa makamo ya babu yangu, akasimama mlangoni ananitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima upepo au kupunga pepo?"

Tulicheka, lakini moshi haukucheka. Ulipanda wima kama uzi wa fundi, ukagonga jipsamu, ukatandaa. Nje majani ya mwarobaini yalikuwa yanachezacheza. Zidisha sasa: 2.4 mara mbili na nusu ni mita 6. Darasa lina mita 9. Hizo tatu zilizobaki ndizo safu za wanaosinzia.

Dirisha la kusukuma lina udanganyifu wake. Linaonekana kubwa, ila kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine, hivyo nusu ya tundu imefungwa daima. Weka na wavu wa mbu, unabaki na kidogo kuliko hicho. Luva ikifunguka sawasawa inakupa karibu tundu lote. Sisemi luva ni malaika. Mwizi anachomoa vioo kimoja kimoja kama anachambua mchele, vishikio vinakatika, na mvua ya masika ikija kwa upande inalowesha madaftari. Hayo yana dawa, ukipenda kuyatibu. Kioo kilichojificha nyuma ya kioo hakina.

Wenzetu wa chuo kikuu cha Ile-Ife, Nigeria, walio nyuzi saba na nusu kaskazini mwa ikweta, yaani karibu sura yetu kwenye kioo, walipewa jibu jingine na msanifu Arieh Sharon. Yale majengo yake ya kitivo cha sanaa ni kama piramidi iliyopinduliwa: kila ghorofa inachomoza kupita ya chini yake, hivyo jengo linajifunika lenyewe. Nikionyesha picha zake darasani, wanafunzi huuliza gharama kwanza. Wana haki; zege linaloning'inia linakula nondo.

Maktaba mpya ya Mlimani, ile iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa Novemba 2018, ni habari nyingine. Imekusudiwa watu 6,000 kwa wakati mmoja. Jengo pana kiasi hicho haliishi kwa upepo, na vitabu vyenyewe havipendi unyevu wa pwani, kwa hiyo kiyoyozi pale sigombi nacho. Ninachogombana nacho ni kulichukua jengo lililozaliwa na mapafu, kulinyonga, kisha kulinunulia mashine ya kupumulia.

Kwa wale walionialika niliandika ripoti ya kurasa nne: toeni plaiwudi ya korido kwanza, haina gharama, madirisha baadaye, kadiri fedha zitakavyopatikana, jipsamu ing'olewe darasa kwa darasa. Ripoti ikaenda kwenye kikao, kikao kikaitisha kikao. Niliporudi baada ya muhula, ofisi zilikuwa palepale. Ila milango yake ya plaiwudi yote miwili ilikuwa wazi, imezuiliwa kwa tofali, na ya stoo pia. Nikamwuliza mzee. Akasema yeye haruhusiwi kubomoa kitu, lakini kufungua mlango asubuhi ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Nikawasha kijiti. Moshi ukalala.