Ruzuku, miti na shamba lako: yanayosemwa Urambo na yaliyo kweli

"Kuna fedha za serikali za watunza misitu, ila sisi hazitufikii." Kila msimu wa kukausha tumbaku kauli hii huzunguka Urambo na Kaliua, huku kwetu Tabora, na mara nyingi anayeisema ana shoka begani. Namwelewa, maana bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, halijui subira, linataka kuni usiku na mchana. Lakini kauli yenyewe imechanganya mambo.

Ruzuku tunayoifahamu wengi ni ya mbolea, iliyoanza msimu wa 2022/2023. Hiyo haimpi mkulima hata shilingi mkononi. Unajiandikisha kijijini, unapata namba, unakwenda nayo kwa wakala, unauziwa kwa bei iliyopunguzwa. Tofauti inayobaki serikali inamlipa muuzaji. Msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulishuka hadi shilingi 70,000. Nafuu kubwa, ila haihusiani na pori. Wengine huitaja TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kweli, ajira zake za muda zinaweza kuwa kuchimba lambo au kupanda miti, lakini ni za kaya maskini zilizoandikishwa, na kinacholipwa ni kazi.

"Mbona Marekani mkulima analipwa akae bure?" Hakai bure. Mpango wao ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985 unamfunga kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15: ardhi inayomomonyoka anaiondoa kwenye mazao, anaotesha majani au miti, naye serikali inamlipa kila mwaka kama vile ameikodisha ardhi hiyo. Akivunja mkataba, anaweza kudaiwa arudishe alichopokea.

Inayoniuma zaidi ni hii: "Ukipanda miti, shamba litakuwa hifadhi, utafukuzwa." Baba yangu mdogo aligoma kuchukua miche ya mikaratusi kwa hofu hiyo, ikakaukia kwenye viriba. Msitu wa hifadhi ya kijiji hautangazwi kwa kunyatia shamba la mtu. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji chenyewe ndicho kinachotenga eneo kwenye ardhi yake, kinaweka mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na wanakijiji wanajadili na kuridhia mkutanoni. Mapato ya msitu huo kijiji kina haki ya kuyakusanya. Mti ulioupanda shambani kwako ni wako. Nadhani hofu inatokana na kibali cha kusafirisha mbao au mkaa: mtu akisimamishwa kwenye kizuizi bila kibali, anarudi nyumbani akisema miti ni ya serikali.

Halafu kuna imani kwamba miyombo, miti ya asili ya pori letu, ikishakatwa imekwisha, tusubiri miche ya bure. Hapa naomba mtu aende mwenyewe akaangalie kisiki mwezi Septemba, kabla mvua hazijaanza. Nyuma ya bani la baba mdogo nilihesabu machipukizi tisa kwenye kisiki kimoja, majani yake mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Mizizi iko hai, ina akiba ya miaka. Kinachoua si shoka peke yake, ni moto wa kila kiangazi na ng'ombe wanaolishwa juu ya chipukizi. Majirani zetu wa Shinyanga walilionyesha hili: mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulisimama juu ya desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, na sehemu kubwa ilichipua yenyewe.

Baba mdogo alikubali kujaribu kwenye kisiki kile. Alibakiza machipukizi matatu yaliyonyooka, mengine akayakata kwa panga, akafyeka nyasi kukizunguka ili moto usipite. Mwaka wa pili akapunguza tena, akabakiza moja. Sasa linamzidi kimo.