Je, wajua kwa nini bosi wa gemu, yule adui mkubwa, aliyekuua usiku mzima unamuangusha asubuhi?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi niliamini kabisa kwamba gemu ikiona umekufa sana inakuonea huruma, inapunguza nguvu za bosi kimya kimya bila kukuambia. Si mimi niliyebuni. Birere, mtaa wa Goma, kulikuwa na sali ya gemu, yaani chumba cha kuchezea, unalipa kila mchezo, na mzee mwenye sali alikuwa anatuambia mashini iko na roho, nyinyi endeleeni kufa tu, itachoka. Nimechelewa sana kugundua kwamba kila tulipokufa yeye njo alikuwa anapokea feza.

Sasa juzi hapa Himbi, Goma hii hii, umeme umeenda saa mbili ya usiku, mi niko na Switch, ile konsoli ya gemu ya Nintendo, mkononi nacheza Metroid Dread, ile ya Samus kwenye sayari ZDR, nimefika kwa Raven Beak, bosi wa mwisho. Alinipiga mpaka batri ikabaki asilimia tatu. Asubuhi nikachaji kwa jirani mwenye sola, nikakaa, mara ya pili tu akaanguka. Nikamwita mdogo wangu, unaona, imenihurumia! Akachukua sevu ile ile ya kabla ya pambano, saa ile ile. Akafa mara kumi na moja. Huruma gani hiyo ya kuchagua mtu?

Kusema kweli gemu zenye huruma ziko, njo maana uongo huu hauishi. Crash Bandicoot ya 1996 ukikufa-kufa inakupa maski ya kukukinga. Resident Evil 4 ya 2005 inapunguza ukali ukiwa unachapwa sana. Kwa hiyo yule mzee wa sali hakuwa mwongo kabisa, alichukua ukweli wa gemu mbili tatu akaupaka kwa zote. Lakini Dread ilitoka Oktoba 2021 ikiwa kali hivyo hivyo, roboti za E.M.M.I. zikikushika umekwisha isipokuwa ubonyeze kwenye kasekunde kadogo sana, na hali rahisi ya wanaoanza ililetwa na apdeti ya Februari 2022, tena unaichagua wewe mwenyewe kwenye menyu. Wengine watakuambia ni konsoli imepoa usiku. Hapana bana, konsoli ikipata joto feni inakimbia zaidi, Raven Beak hana habari.

Kilichobadilika ni kichwa chako.

Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake Marekani waliwafundisha watu kubonyeza namba kwa vidole kwa mpangilio mmoja, haraka, bila kukosea. Waliopimwa baada ya masaa 12 ya kuwa macho hawakuongeza kitu cha maana, waliopimwa baada ya kulala waliongeza mbio kama asilimia 20, na hawakuwa wamegusa kibonyezo hata kimoja hapo katikati.

Watu wa Goma tunaweza kulielewa hili kwa betoni. Ukimwaga fondasyo jioni juu ya lava, kazi ya mikono imeisha, unaweza kubaki pale unaipiga na mwiko mpaka usiku wa manane haitakuwa ngumu zaidi, utaiharibu tu. Ugumu unakuja ukiwa umelala, saruji inashikana na maji yenyewe kwa ndani. Kila ukifa unamwaga: akifanya hivi ruka, akifanya vile teleza. Halafu kwenye usingizi, hasa ule wa hatua ya pili, ubongo unatoa mawimbi mafupi ya haraka yanayoitwa spindo, na katika jaribio lile waliopata zaidi usingizi huo, hasa kuelekea alfajiri, njo walioongeza mbio zaidi. Betoni lakini haifanyi mazoezi, ubongo unafanya. Ni kama kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, siku za kwanza anawaza kila breki, baadaye mguu unajua wenyewe na yeye anaongea na wenzake njiani.

Hapa nipunguze sauti kidogo. Mwaka 2008 Timothy Rickard na wenzake walisema sehemu kubwa ya ile faida si usingizi bali ni uchovu kuondoka, jioni vidole vimechoka vinaonekana vijinga kuliko vilivyo, asubuhi vimepumzika vinaonyesha kile vilichojua tangu jana. Ubishi huo bado uko. Na kubonyeza namba si sawa na kumsoma adui anayeruka, kwa hiyo ile asilimia 20 usiibebe mpaka ZDR.

Kinachonichekesha zaidi ni jaribio la 2019, la Marlene Bönstrup na wenzake: mazoezi sekunde 10, kupumzika sekunde 10, na mwanzoni mbio ziliongezeka kwenye mapumziko, si kwenye mazoezi yenyewe. Yaani inawezekana kakiza kale kafupi ukiwa umekufa, kabla Samus hajasimama tena, njo unajifunza. Mdogo wangu anabonyeza-bonyeza kukaruka.