Hazadi si ruhusa ya kuvuka njiapanda

Malalamiko yanayotufikia kutoka Malindi na viunga vyake mengi yanafanana: wa matatu anamlaumu wa tuktuk, wa tuktuk anamlaumu wa bodaboda, na wote watatu wanaapa kwamba haki ya kupita ilikuwa yao. Haki hiyo haiji kwa ukubwa wa gari, wala kwa honi, wala kwa kuwahi kufika. Inaamuliwa na alama za barabarani, na penye askari, ni mkono wa askari.

Nianze na hazadi, maana hili limetuchosha. Dereva akitaka kwenda moja kwa moja kwenye makutano, anawasha indiketa zote mbili. Sijui nani alifundisha hivi. Anayesubiri upande wako wa kushoto huenda akaona taa moja tu, ile ya pili imefichwa na gari lako mwenyewe. Anadhani unakata kushoto, naye anaingia barabarani. Hazadi ni za gari lililoharibika au lililokwama njiani. Kwenda moja kwa moja hakuna indiketa yake.

Chukua mfano wa makutano ya Gede. Gari linalotoka Mombasa kuelekea Watamu hukata kulia, kwa hiyo hukatiza njia ya magari yatokayo Malindi. Linalokata ndilo lingojee, hata abiria wakipiga kelele kuwa wamechelewa. Kaa karibu na mstari wa kati, magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukiyageuza mapema kisha ukagongwa kwa nyuma, utasukumwa hadi usoni mwa lori. Kwenye raundabauti mpishe aliye kuliani kwako. Hayo mengine mlifundishwa shule ya udereva.

Sasa adhabu. Kwa kanuni za Kenya za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kutofuata alama ya barabarani ni faini ya shilingi 3,000. Kupitisha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu ni 5,000. Kuacha gari mahali linapozuia njia ni 10,000, na wanaopakia abiria mdomoni mwa makutano wausome tena mstari huu. Askari hukupa taarifa yenye kosa na kiasi cha faini. Ukikiri, unalipa kiasi hicho. Ukikana, unafika mahakamani siku iliyoandikwa. Pesa hazikabidhiwi mkononi kando ya barabara, na ukishalipa, dai risiti uiweke. Viwango hivi havihusu ajali iliyojeruhi au kuua mtu. Hapo mashtaka ni mengine, na singependa kuyatabiria hapa.

Baadhi ya vijana wa bodaboda hutwambia kwamba alama ziliwekwa kwa ajili ya magari. Pikipiki ni chombo cha moto, ina nambari ya usajili na mwendeshaji wake anatakiwa kuwa na leseni. Mstari wa kusimama ukiwa mbele yako, simama.