Bâtiment du 30 Juin halikujengwa kuwa bunge

Hapa Lubumbashi wengi, hasa vijana, huamini kwamba Bâtiment du 30 Juin (Jengo la 30 Juni) lilijengwa baada ya uhuru ili liwe bunge. Si ajabu: limepewa tarehe ya uhuru, na wabunge wa mkoa wetu wa Haut-Katanga hukutana mle. Lakini jengo lenyewe limeutangulia uhuru. Lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, na kazi yake ilikuwa teatri, yaani ukumbi wa maigizo. Aliyelichora ni Mbelgiji Claude Strebelle.

Fikiria kazi ya teatri, jinsi isivyofanana na ya bunge. Juu ya jukwaa panatakiwa nafasi ndefu, ili pazia na mandhari zipandishwe kwa kamba zisionekane, kisha zishushwe onyesho linapobadilika. Wabunge hawana haja hiyo. Wao wanahitaji viti na kipaza sauti tu.

Tusitie chumvi pia kwamba zamani kila mtu alijionea sanaa. Hata kwenye sinema palikuwa na ubaguzi: kanuni ya mwaka 1936 iliwazuia Wakongo kutazama filamu ambazo tume ya serikali ya kikoloni haikuwaidhinishia, huku Wazungu wakitazama zao.