Kuorodhesha viumbe wa kiwanja si kukitathmini

Shemeji yangu amenunua kiwanja Goba, Dar es Salaam, na anakusudia kuchimba msingi kabla ya masika. Nilipomuuliza kama kuna mtu aliyeandika mimea na wanyama waliomo kabla hakijafyekwa, alinijibu kwa sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi mno kutoka kwa madalali, mafundi na hata watu wenye shahada zao: "Kiwanja kimeshapimwa, tathmini ya mazingira imefanyika, ni kitupu." Nilimpongeza kwa kupata kiwanja, kisha nikarudi nyumbani na sentensi ile ikinikera njia nzima, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na maneno matatu, kupima, tathmini na tupu, na hakuna hata moja lililotaja kazi niliyokuwa nimeulizia.

Kazi yenyewe haina maelezo marefu. Kuorodhesha viumbe wa kiwanja ni kukizunguka kiwanja kwa utaratibu, kabla panga halijagusa jani, na kuandika kila mmea uliomo na kila mnyama aliyeonekana, aliyesikika au aliyeacha alama, pamoja na tarehe, saa na mahali alipokutwa. Matokeo ya kazi hiyo ni orodha, ambayo haimwambii mwenye kiwanja ajenge au asijenge, wala haimtozi chochote. Inaweka kumbukumbu ya hali ya mahali kabla ya kubadilishwa.

Kupima nitakupitia upesi, kwa kuwa kosa lake ni dogo. Mpimaji wa ardhi anaacha bikoni, yale mawe ya mpaka, kwenye kona na ramani mkononi mwa mwenye kiwanja, na kinachomhusu ni umbali na pembe. Neno lenyewe ni la Kibantu na tangu zamani limekaa na urefu: pima moja ni umbali wa kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi ncha ya vidole vya mkono wa pili mtu akiinyoosha yote miwili, na wavuvi wa pwani hutaja kina cha bahari kwa pima. Dalali anayeuza "hatua ishirini kwa ishirini na tano" anapima pia, kwa miguu yake. Mtu anaweza kukipima kiwanja mara kumi bila kujua kama kina mchwa. Wengine, kwa kukwepa neno kupima, husema "sensa ya viumbe", ambalo nalo halitoshi, maana sensa ni kuhesabu wote. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu watu waliolala ndani ya nchi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na Dar es Salaam ikapata watu 5,383,728. Hakuna atakayewahesabu sisimizi wa Goba kwa namna hiyo.

Neno linalonisumbua hasa ni tathmini. Tulilipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni "thaman", yaani bei. Kutoka mzizi huo tunayo thamani, kuthamini, uthamini, mthamini, na tathmini yenyewe, ambayo huko ilikotoka ni tendo la kukitia kitu bei. Kiswahili kimelipanua neno, na leo tunatathmini mitihani, sera, ligi na utendaji wa watumishi. Sina ugomvi na upanuzi huo, maneno hukua kama watoto. Hata hivyo bei haijatoka yote ndani ya neno. Kila penye tathmini, hata ile ya mtihani wa darasa la nne, pana mtu anayeamua kwamba hiki ni kikubwa na kile ni kidogo, hiki cha kulipwa na kile cha kuachwa.

Katika mambo ya ardhi, mkazi wa Dar es Salaam anaijua tathmini kwa sura yake ile ya kwanza kabisa. Barabara ikitakiwa kupita mtaani, mthamini huja na daftari, akahesabu vyumba, uzio, makaburi, minazi, miembe na mikorosho, akapiga picha, na baadaye kila kitu kikaandikiwa fedha ya fidia. Kazi hiyo ina sheria yake, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na ina heshima yake. Ukilifungua daftari lile utakuta mimea, tena imehesabiwa mmoja mmoja, na ndiyo sababu watu wengi wanaamini kwamba wameshaona mimea ya kiwanja ikiorodheshwa. Lakini daftari la mthamini huuandika mmea wenye mwenyewe na wenye bei. Mnazi unaingia. Mchongoma uliojiotea kwenye kona hauingii, wala dudumizi aliyejenga kiota ndani ya mchongoma huo, wala kenge anayepita chini yake kila alasiri kuelekea bondeni.

Ipo tathmini ya pili, ile ambayo shemeji aliitaja bila kuikusudia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya aina fulani ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lile ambalo kila mtu analiita NEMC, ndilo linaloisimamia. Soma jina lake lote kwa utulivu: kinachotathminiwa ni athari. Athari ya kitu haiwezi kupimiwa uzito kabla kitu chenyewe hakijajulikana, na kwa hiyo ndani ya tathmini hiyo, mapema kabisa, huwa na sehemu ya kueleza hali ya awali ya mahali, na hapo ndipo orodha ya viumbe inapoingia. Orodha ni mlango wa tathmini. Nyumba ya kuishi ya familia moja kwa kawaida haipitishwi katika utaratibu mzima wa namna hiyo, na shemeji hakupaswa kujisingizia kwamba ameupitia. Lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kuandika orodha ya kilichomo kwenye ardhi yake mwenyewe.

Nilipomdadisi, iligundulika kwamba "tathmini ya mazingira" yake ilikuwa ni fundi wake aliyepita kiwanjani siku ya Jumapili na kusema mambo mawili: mwembe ulioko mbele ukatwe kwa sababu mizizi yake itausumbua msingi, na kichuguu kilichoko nyuma kisitupwe kwa sababu udongo wake unafaa kwa kazi. Yote mawili ni ya kweli, na fundi huyo namheshimu. Alitathmini, tena vizuri. Alikiangalia kiwanja kwa jicho la anayejenga, akaona viwili vyenye maana kwake, mti wa kukata na udongo wa kutumia, na kila kilichobaki kikaingia katika neno la tatu, tupu.

Neno hili nalo lina hila. Tunasema "mfuko mtupu" tukimaanisha hauna kitu, na tunasema "uongo mtupu" tukimaanisha umejaa uongo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mtu anaposema "pale ni nyasi tupu", lugha yenyewe inashuhudia kwamba pamejaa. Anaposema "kiwanja kitupu", anamaanisha hakuna nyumba. Sina tatizo na maana hiyo ya kutokuwa na nyumba inapotajwa kwenye mauziano, kwa sababu mnunuzi anataka kujua kama kuna mpangaji wa kuhamishwa. Tatizo ni pale inapogeuzwa kuwa jibu la swali la viumbe. Kwamba mahali hapana kiumbe ni habari ambayo mtu anaweza kuitoa baada ya kutafuta, na shemeji alikuwa bado hajatafuta.

Tulitafuta pamoja mwezi Februari, kwa kamba ya katani, vijiti na daftari la shule. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 tulikigawa kwa kamba katika vipande vya upana wa mita tano, tukavipita kimoja kimoja polepole, mmoja akitazama chini na mwingine akitazama juu, maana atazamaye kote kwa pamoja huishia kuona mwembe tu. Tulirudi kwa nyakati tatu: alfajiri kwa ajili ya ndege, saa sita mchana kwa ajili ya mijusi na vipepeo, na usiku kwa tochi. Jina tusilolijua hatukulibuni. Tulipiga picha ya jani, ua na shina, tukaandika "mti, jina bado", na picha hizo zinaweza kupelekwa kwa watu wa botania pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Ziara ya usiku ndiyo iliyombadilisha shemeji sura. Kinyonga, ambaye mchana hupotea katikati ya majani kwa rangi yake, usiku hulala kwenye vitawi vya nje akiwa amepauka, na mwanga wa tochi humtoa mara moja. Tulimkuta kwenye mchongoma, mti ambao siku hizi wengi wetu tunaujua kwa msemo wa kupanda na kushuka kuliko kwa miiba yake, akiwa amejikunja mkia kama springi ya saa, kimo cha kifua cha mtu. Shemeji alirudi nyuma hatua mbili, kwa zile imani tulizolelewa nazo, kisha akauliza, "Mbona jana hakuwepo?" Alikuwepo. Jana tulikuwa tumekuja mchana. Muda mfupi baadaye komba alilia kutoka kwenye mnazi wa jirani, yule yule ambaye lugha yetu imemfanya kipimo cha ulevi, na hapo pakazuka mjadala kama aandikwe au la, kwa kuwa mnazi uko nje ya mpaka. Aliandikwa, na pembeni tukaongeza "amesikika, mti wa jirani". Mpaka wa bikoni unamfunga mwenye hati peke yake.

Dudumizi pia hatukumwona hata siku moja. Alisikika alfajiri zote tulizokuwepo, kwa ile sauti inayoteremka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Gamba la nyoka tulilipata kando ya kichuguu. Tuliandika "gamba la nyoka, aina haijulikani", ingawa kijana wa kufyeka aliapa kuwa ni la swila. Chura hatukuona hata mmoja, na hapa nilimwomba shemeji afute neno "hakuna" aliloandika na badala yake aweke "hajaonekana, Februari, kiangazi". Chura wa Goba hujitokeza masika, na orodha iliyoandikwa msimu mmoja inasema habari za msimu huo.

Kuhusu mimea, sehemu iliyozungumza zaidi ni ile kona ya chini. Sehemu kubwa ya kiwanja ilikuwa na mimea ifuatayo watu: mchunga, mbigili, kishonanguo, mche wa mwarobaini ulioota kutokana na mbegu za kinyesi cha ndege. Kule chini kulikuwa na matete. Matete hayaoti pakavu. Yanafuata maji hata pale ambapo mtu anaona mchanga tu. Kwa mwenye kujenga, mstari huo mmoja wa orodha una mambo mawili. Kwanza, shimo la choo lisiwekwe hapo. Pili, kuna haja ya kwenda kuangalia mkondo wa bondeni uko umbali gani, kwa kuwa kifungu cha 57 cha ile sheria ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Fundi alikuwa amesimama juu ya matete hayo akitazama mwembe.

Jambo moja la utaratibu linakosewa karibu kila mahali. Nimewahi kuitwa mara mbili "kuangalia mimea" kwenye viwanja ambavyo vilikuwa vimeshapitiwa na katapila, kwa maelezo kwamba vilisafishwa kwanza ili nione vizuri. Niliona vizuri udongo. Wala sipendi sana hilo neno kusafisha, lakini nitalinyamazia kwa leo, nisije nikaonekana nina ugomvi na kamusi nzima.

Shemeji anajenga, na mwembe umekatwa. Mchongoma umebaki, kwa kuwa uko ndani ya mita moja ya mahali uzio utakapopita na yeye mwenyewe aliamua kuupitishia ukuta kwa nje. Huo ni uamuzi wake, na hiyo sasa ndiyo tathmini, aliyoifanya akiwa na orodha mkononi. Juzi alinipigia simu kuniambia kwamba jirani mpya amemwuliza kuhusu kiwanja, naye amemjibu, "Tumeshafanya tathmini ya viumbe." Nilimwambia amefika karibu sana. Siku nyingine, shemeji, mwambie hivi: mpimaji ameshaweka bikoni, mthamini hakuhitajika, na orodha ya viumbe ipo, ina mistari arobaini na mmoja, ila ukurasa wa masika bado haujaandikwa.